Kujiandaa kwa GRE Ukiwa Zamu: Mwongozo wa Muuguzi

Ndugu muuguzi, kama umeshika mwongozo huu ukiwa umetoka zamu ya usiku, uweke kando ukalale kwanza. Nasema kwa dhati. Wauguzi wengi niliowaona wakikwama katika maandalizi ya GRE hawakukwamishwa na hesabu wala Kiingereza. Waliponzwa na ratiba. Walinunua vitabu vinne, wakajiapiza kusoma saa nne kila siku kama wanafunzi wa bweni, na ilipofika juma la tatu rosta ilikuwa imeshawamaliza nguvu. Wakajisemea kwamba kichwa kimezeeka. Kichwa kilikuwa kizima, ila dozi waliyojiandikia haikuwa ya mtu anayefanya kazi.

Haya nimeyaandika kwa ajili ya muuguzi mwenye shahada ya kwanza anayetaka kusoma uzamili au uzamivu Marekani, awe yuko Dodoma, Mombasa, Muscat au Minneapolis. GRE ni mtihani wa taasisi ya Kimarekani iitwayo ETS, na vyuo vingi vya huko vimeutumia kwa miaka mingi kuchuja waombaji. Hauulizi uuguzi hata kidogo. Unapima ufahamu wa Kiingereza cha kitaaluma, hesabu za sekondari, na uwezo wa kujenga hoja kwa maandishi. Kwa hiyo uzoefu wako wa miaka kumi wodini hautakupa jibu la moja kwa moja, lakini utakufaa kwa njia ambayo watahiniwa wengi hawana, na nitakuonyesha ni ipi.

Kwanza: je, unauhitaji mtihani huu?

Tangu janga la korona la mwaka 2020, vyuo vingi vimeacha kudai GRE, hasa kwa uzamili wa uuguzi. Vingine vinaudai kwa kila mwombaji. Vingine vinamsamehe mwenye matokeo mazuri ya shahada ya kwanza, na vingine vinasema ni hiari. Usitumie pesa wala usingizi wako kabla ya kujua chuo chako kiko kundi gani.

1. Andika majina ya programu tano hadi nane unazozitaka. Andika programu, si chuo tu, kwa sababu ndani ya chuo kimoja uzamivu unaweza kudai GRE na uzamili usiudai.
2. Fungua ukurasa wa masharti wa kila programu, usome neno kwa neno. Usitegemee alichokwambia rafiki aliyeomba miaka mitatu iliyopita.
3. Mwandikie barua pepe mratibu wa udahili, umuulize mambo matatu: GRE inahitajika? Kuna msamaha, na kwa masharti gani? Ni alama gani waliopokewa hivi karibuni walizipata?
4. Andika tarehe ya mwisho ya maombi ya kila programu. Tarehe ya mtihani wako itahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Wauguzi wanaolenga unusukaputi wasikilize hapa kwa makini. Tangu Januari 1, 2022, kila anayeanza masomo ya muuguzi wa ganzi Marekani lazima aingie katika programu ya ngazi ya udaktari, na kabla ya hapo awe amefanya kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja katika uangalizi wa wagonjwa mahututi. Ushindani ni mkali, na baadhi ya programu hizo bado zinaitaka GRE.

TAHADHARI: LESENI KABLA YA ALAMA
Programu nyingi za uzamili wa kliniki Marekani, zile zinazomwandaa muuguzi kuchunguza wagonjwa na kuandika dawa, humtaka mwombaji awe tayari na leseni ya uuguzi ya jimbo la Marekani, yaani awe amefaulu mtihani wa leseni uitwao NCLEX-RN. Usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga la Tanzania au wa Baraza la Uuguzi la Kenya hautoshi kwa programu hizo. Kama huna leseni ya Marekani wala mpango wa kuipata, tazama uzamili wa afya ya jamii, sera ya afya, au uzamivu wa utafiti, ambako mara nyingi leseni hiyo haidaiwi. Uliza mapema. Inauma mtu akipata alama nzuri za GRE, kisha agundue kwamba mlango aliokuwa akiubisha una kufuli jingine.

Mtihani ulivyo

Tangu Septemba 2023 GRE umefupishwa. Unachukua saa 1 na dakika 58, bila mapumziko. Ukikuta kitabu kinachozungumzia mtihani wa karibu saa nne wenye insha mbili, kitabu hicho kimepitwa na wakati. Maswali yake bado yanafaa kwa mazoezi, lakini usifuate mpangilio wake.

KISANDUKU: SEHEMU ZA MTIHANI
• Insha: moja, dakika 30. Huja mwanzo daima. Alama 0 hadi 6, zikipanda kwa nusu nusu.
• Lugha: vipande viwili. Maswali 12 kwa dakika 18, kisha maswali 15 kwa dakika 23. Alama 130 hadi 170.
• Hesabu: vipande viwili. Maswali 12 kwa dakika 21, kisha maswali 15 kwa dakika 26. Alama 130 hadi 170. Kikokotoo kipo kwenye skrini.

Gawanya uone: kila swali la lugha lina dakika moja na nusu, na la hesabu dakika moja na robo tatu hivi. Ndani ya kipande kimoja unaweza kuruka swali, ukaliwekea alama na kulirudia. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali lolote tupu.

Kuna jambo moja la kuelewa vizuri. Ugumu wa kipande cha pili unategemea ulivyofanya cha kwanza. Ukifanya vizuri cha kwanza, cha pili kinakuwa kigumu zaidi, na ndicho kinachofungua alama za juu. Ukihisi maswali yamekuwa magumu ghafla, usivunjike moyo. Huenda ni dalili kwamba unakwenda vizuri.

Pima kabla ya kuandika dozi

Hakuna muuguzi mwema anayeanza dripu bila kumpima mgonjwa. Lakini nimewaona wauguzi hao hao wakinunua vitabu vya GRE kabla ya kujua wanaumwa wapi.

Kabla hujasoma ukurasa mmoja, fungua akaunti ya bure kwenye tovuti ya ETS. Humo kuna majaribio mawili kamili ya bure yaitwayo POWERPREP Online, yaliyotengenezwa na watunga mtihani wenyewe. Chagua siku ya mapumziko, baada ya kulala usiku mzima. Zima simu. Fanya jaribio la kwanza kwa muda kamili, kuanzia insha hadi mwisho, bila kusimama. Alama zitakazotoka ni vipimo vya awali tu, kama presha ya mgonjwa anapopokelewa. Zisikuaibishe.

Jaribio la pili lihifadhi. Utalifanya majuma mawili kabla ya mtihani. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kumaliza majaribio yote mawili katika juma la kwanza kwa hamu, kisha akakosa kipimo cha kuaminika mwishoni.

Baada ya jaribio, fungua daftari la makosa. Wewe unajua taarifa ya kosa la dawa inavyoandikwa: kilichotokea, kilichopaswa kutokea, chanzo. Fanya hivyo hivyo. Kwa kila swali ulilokosa andika chanzo kimoja kati ya hivi vinne: sikujua, nilisoma vibaya, nilikokotoa vibaya, nilikosa muda. Baada ya maswali thelathini utaona picha. Mwenye “sikujua” nyingi anahitaji kusoma mada. Mwenye “nilisoma vibaya” nyingi hahitaji kitabu kipya kabisa. Anahitaji kupunguza kasi na kupigia mstari kile swali linachouliza. Watu wawili wenye alama sawa wanaweza kuhitaji tiba tofauti kabisa.

Hesabu unazijua, ila kwa jina jingine

Hofu kubwa ya wauguzi iko hapa. Wengi waliagana na hesabu kidato cha nne. Waliosoma mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia Tanzania waligusa hesabu za msingi tumizi kidato cha tano na sita, wakazisahau. Habari njema ni kwamba GRE haina trigonometria wala kalkulasi. Ina hesabu za namba, aljebra, jiometri na takwimu za kiwango cha sekondari, na sehemu kubwa ya hizo unazifanya kila siku wodini bila kuziita hesabu.

Chukua dripu. Mililita 1,000 ziishe kwa saa 8, na seti ya dripu inatoa matone 20 kwa mililita. Matone mangapi kwa dakika? Unazidisha 1,000 kwa 20, unagawanya kwa dakika 480, unapata 41.7, yaani matone 42. Sasa badilisha maneno: tangi la lita 1,000 linamwagika kwa saa 8, je, kwa dakika zinatoka lita ngapi? Ni swali lile lile la mwendo na uwiano, na katika GRE yako mengi. Ukilikuta limevaa nguo za mabomba, magari au mashine za kiwandani, lirudishe wodini kichwani mwako.

Mfano mzito zaidi. Unahitaji mililita 500 za dextrose ya asilimia 10, na stoo kuna ya asilimia 5 na ya asilimia 50 pekee. (Hapa tunafundishana hesabu tu, kazini fuata mwongozo wa hospitali yako.) Wengi wataandika mlinganyo:

0.50x + 0.05(500 − x) = 50

Hapo 0.45x = 25, na x ni mililita 55.6 za ile kali. Ni sahihi. Lakini kuna njia ya mkato ambayo wafamasia wanaijua vizuri. Kumi iko hatua 5 juu ya tano, na hatua 40 chini ya hamsini. Basi sehemu zinageuzwa: sehemu 40 za ile dhaifu kwa sehemu 5 za ile kali, yaani 8 kwa 1. Gawanya 500 kwa sehemu 9, unapata 55.6. Sekunde ishirini, bila mlinganyo. Maswali ya michanganyiko ambayo wengine huyakimbia, wewe yapokee.

Asilimia nazo zina mtego wake. Mtoto wa kilo 10 ameharisha akapoteza asilimia 10 ya uzito wake. Amepona, akaongeza asilimia 10 ya uzito aliobaki nao. Amerudi kilo 10? Hapana. Alishuka hadi 9, na asilimia 10 ya 9 ni 0.9, kwa hiyo ana kilo 9.9. Jiulize kila mara: asilimia ya nini?

Kwenye takwimu, tofautisha wastani na namba ya katikati. Watoto wachanga watano wana uzito wa kilo 2.1, 2.8, 3.0, 3.2 na 4.4. Wastani ni 3.1, lakini namba ya katikati ni 3.0. Yule wa kilo 4.4 ndiye aliyeuvuta wastani juu. Maswali mengi ya GRE hayatafuti zaidi ya ufahamu huo. Maswali ya kusoma grafu na majedwali nayo yatakuwa mepesi kwa mtu aliyezoea chati ya joto na patografu ya mama anayejifungua.

Sasa sehemu ambayo wodi haitakusaidia: aina ya maswali ya kulinganisha. Unapewa upande A na upande B, unaulizwa upi mkubwa, au zinalingana, au haiwezekani kujua. Mathalani: x ni kubwa kuliko 0. Upande A ni x mara x, upande B ni x. Anayejaribu 2 tu atasema A, kwa sababu 4 inazidi 2. Jaribu nusu: nusu ya nusu ni robo, na robo ni ndogo kuliko nusu. Basi jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Jizoeze kupima namba za aina tofauti kila mara: sifuri, moja, sehemu, namba hasi, namba kubwa, kwa kadiri swali linavyoruhusu.

Jiometri na aljebra ya mabano utahitaji kuzifufua tangu mwanzo. Tenga majuma mawili. Vitabu vya hesabu vya kidato cha pili hadi cha nne vya mdogo wako au mtoto wa jirani vinatosha kabisa, na havitakugharimu kitu.

Kiingereza: maneno uliyodhani unayajua

Tumesoma uuguzi kwa Kiingereza, tunaandika ripoti kwa Kiingereza, tunakabidhiana zamu kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili. Ndiyo maana sehemu hii hutudanganya. Kiingereza cha wodini ni cha vifupisho na amri. Kiingereza cha GRE ni cha sentensi ndefu kuhusu historia, sanaa na sayansi, zenye kugeuka katikati.

Tena kuna maneno ambayo hospitali imeyapa maana moja na mtihani unayataka kwa maana nyingine:

• “Benign” kwako ni uvimbe usio saratani. Katika GRE linaweza kumwelezea mtawala mpole au hali ya hewa isiyodhuru.
• “Acute” kwako ni ugonjwa wa ghafla na mkali. Katika GRE ni akili kali, jicho lisilopitwa na kitu.
• “Arresting” litakukumbusha moyo uliosimama. Katika GRE ni kitu cha kuvutia sana, kinachokufanya usimame ukitazame.
• “Palliate” unalijua vizuri kuliko watahiniwa wengi: kupunguza makali bila kuondoa chanzo. Wanalitumia hata kwa sera za uchumi.
• “Sanguine” litakufanya ufikirie damu. Maana yake ni mwenye matumaini.

Hili la mwisho lina historia ya kupendeza. Waganga wa Uyunani ya kale waliamini mwili una maji manne, na tabia ya mtu hutokana na lipi limezidi. Mwenye damu nyingi alikuwa mchangamfu. Mwenye makohozi mengi alikuwa mtulivu asiyetikisika, na kutoka hapo Kiingereza kikapata “phlegmatic”. Neno hilo la Kigiriki lilipita Kiarabu likawa balgham, na sisi tukalipokea: balghamu. Ukikutana na “phlegmatic” kwenye mtihani, kumbuka balghamu, kisha umkumbuke yule matroni asiyepaza sauti hata wodi ikiwaka moto. Neno limekaa.

Hapa ndipo muuguzi anapompita mtahiniwa wa kawaida, kwa sababu ameshakariri mizizi ya Kigiriki na Kilatini. “Algia” ni maumivu, basi “nostalgia” ni maumivu ya kutamani kurudi. “Path” iko katika “apathy”, kutojali, na “antipathy”, chuki. “Hyper” ni kupita kiasi, na “hyperbole” ni kutia chumvi. “Eu” ni nzuri, na “euphemism” ni tafsida. Usikariri orodha ya maneno elfu kwa alfabeti. Panga maneno kwa mizizi, kumi kwa siku, uyaandike kwenye kadi ndogo zinazoingia mfuko wa sare. Daladala au matatu ndiyo darasa lako.

Kwenye maswali ya kujaza nafasi, fuata hatua hizi:

1. Funika majibu. Soma sentensi nzima.
2. Tafuta neno la kugeuza: “although”, “despite”, “nevertheless”, “albeit”. Hilo ndilo bawaba la sentensi.
3. Weka neno lako mwenyewe kwenye nafasi, hata kwa Kiswahili.
4. Sasa funua majibu, utafute linalokaribiana na lako.

Swali lenye nafasi mbili au tatu halitoi alama za nusu. Kosa moja limekuondolea yote. Na pale unapotakiwa kuchagua maneno mawili yanayoipa sentensi maana ileile, usichague mawili yanayofanana tu. Yote mawili lazima yakae kwenye sentensi.

Insha: acha kuandika kama ripoti ya zamu

Ripoti ya zamu husema: mgonjwa amepokelewa, hali inaridhisha, aendelee na dawa. Haielezi kwa nini, na hairuhusiwi kuwa na maoni. Insha ya GRE inataka kinyume chake. Unapewa dai kuhusu elimu, serikali, teknolojia au jamii, useme unakubaliana kwa kiasi gani na utetee kauli yako.

ETS wameweka hadharani, bure, orodha yote ya mada ambazo insha hutolewa humo. Ajabu ni kwamba watu wengi hawaifungui. Chagua mada moja kwa juma, uiandike kwa dakika 30 kwenye kompyuta. Gawa muda: dakika 5 kupanga, 20 kuandika, 5 kusoma upya.

Andaa mifano mitatu unayoijua barabara kabla ya siku ya mtihani. Muuguzi anayo tayari. Ignaz Semmelweis, Vienna, mwaka 1847: aliwataka madaktari wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuzalisha, vifo vya homa ya uzazi vikashuka, lakini wenzake wengi walimkataa. Mfano huo unafaa kwa mada ya ushahidi dhidi ya mamlaka, mazoea dhidi ya mabadiliko, mtu mmoja dhidi ya wengi. Florence Nightingale naye, baada ya Vita vya Crimea, aliishawishi serikali ya Uingereza kwa takwimu na michoro. Huo unafaa kwa mada za elimu, uongozi na sayansi. Wa tatu utoe katika kazi yako mwenyewe, bila kumtaja mgonjwa.

Kosa la kawaida ni kukubali dai kwa asilimia mia. Onyesha ni wapi dai linasimama, na ni wapi linaanguka.

Majuma 12 yanayofuata rosta

Usihesabu saa kwa siku. Hesabu kwa juma, kwa sababu siku zako hazifanani. Lengo liwe saa 8 kwa juma, ambazo kwa majuma 12 ni saa 96. Ukiwa makini, zinatosha kwa wengi.

• Siku ya zamu ya asubuhi: dakika 40, kabla ya kwenda kazini ikiwezekana. Maneno na maswali matano.
• Siku ya zamu ya mchana: dakika 40 asubuhi.
• Usiku wa zamu na siku ya kutoka usiku: usisome. Kadi za maneno tu, ukitaka.
• Siku ya mapumziko: saa 3, zikigawanywa mara mbili. Hapa ndipo kazi nzito inapofanyika.

Zamu tatu za mchana au asubuhi na siku mbili za mapumziko zinakupa saa 8 hizo. Juma likikuharibikia kwa sababu mwenzako ameugua nawe umeongezewa zamu, usijaribu kulipa deni juma linalofuata. Endelea ulipoishia.

Majuma 1 hadi 4: kufufua hesabu, na mizizi ya maneno. Majuma 5 hadi 8: maswali kwa mada, bado bila saa, insha moja kila juma. Majuma 9 na 10: kila kitu kwa muda, na jaribio la pili mwishoni mwa juma la 10. Juma la 11: daftari la makosa tu. Juma la 12: punguza, lala.

Zungumza na muuguzi msimamizi wa wodi yako mapema, si juma la mwisho. Mwombe asikupange usiku katika siku tatu kabla ya mtihani. Na nyumbani waambie. Mama mwenye watoto wadogo hawezi kupata saa 3 za kimya bila mtu wa kumsaidia, na kuomba msaada huo si udhaifu. Shangazi, dada, mume, jirani: mtaje mtu, siku na saa.

Kujiandikisha

1. Andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, na vyeti vyetu mara nyingi vimeyapanga tofauti. Kinachotazamwa mlangoni ni kitambulisho, na jina lisipolingana hutaingia.
2. Ada katika nchi nyingi ni dola 220. Inalipwa kwa kadi ya benki. Kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu inaweza kufanya kazi ikiwa na salio la kutosha la malipo ya nje. Hakikisha bei kwenye akaunti yako siku unapolipa.
3. Chagua kituo au nyumbani. Nyumbani unahitaji kompyuta, chumba chenye mlango unaofungwa, usimamizi kwa kamera, na huwezi kutumia karatasi ya kawaida: ni ubao mdogo mweupe au karatasi ndani ya plastiki angavu, na kalamu inayofutika. Vipokea sauti vya masikioni haviruhusiwi. Umeme na mtandao wako vikiyumba, nenda kituoni. Na kama unafanyia nyumbani Dar, usichague Jumamosi jioni; ngoma ya kigodoro mtaani haitakusubiri.
4. Ukibadilisha tarehe, fanya hivyo angalau siku nne kabla, la sivyo unapoteza ada.
5. Weka tarehe ya mtihani angalau miezi miwili kabla ya mwisho wa maombi. Alama rasmi hutoka ndani ya siku 8 hadi 10, na ukitaka kurudia lazima zipite siku 21. Unaruhusiwa mara tano katika miezi 12.

Kumbuka pia kwamba GRE haichukui nafasi ya TOEFL wala IELTS. Alama za mitihani hiyo ya Kiingereza kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka 2 tu, kwa hiyo anza na GRE, Kiingereza kifuate.

Orodha ya siku ya mtihani

☐ Nimelala usiku mbili mfululizo nyumbani
☐ Pasipoti haijaisha muda, na jina linalingana
☐ Nimekula, na nimekwenda msalani (hakuna mapumziko)
☐ Najua njia ya kituoni na nitafika nusu saa kabla, au nimejaribu kompyuta yangu jana
☐ Nina majina ya vyuo vinne: siku hiyo unatuma alama kwa vyuo vinne bila malipo
☐ Swali linalozidi dakika mbili nitalikisia, nitaliwekea alama, nitaendelea

Mwishoni utaonyeshwa alama za lugha na hesabu kabla hujaondoka, na utaulizwa kama unataka zitumwe. Zilinganishe na zile alizokutajia mratibu wa udahili. Zikiwa ndani ya kiwango hicho, zitume, kisha elekeza nguvu kwenye barua ya maelezo binafsi na barua za wadhamini, ambazo kwa muuguzi mwenye uzoefu zina uzito mkubwa.

Alama za GRE hudumu miaka 5. Ukikosa nafasi mwaka huu, usirudie mtihani kwa hasira. Omba tena mwaka ujao kwa alama zilezile.